Kura ya Rais Katika Tana River: Kwa Nini Hubadilika

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garissa hufika Minjila, karibu na Garsen, na hapo huiona njia ya Witu na Lamu ikiachana na njia kuu. Mahali hapo hukutana watu wa kila namna: wakulima wa Kipokomo wenye ndizi na maembe yao, wafugaji wa Kiorma na Kiwardei, wachuuzi, madereva na abiria. Wakati wa uchaguzi mkuu njia panda hiyo hupitwa na magari ya vyama vyote, yenye vipaza sauti na bendera za kila rangi. Swali liulizwalo huwa ni lile lile: Je, safari hii Tana River itamfuata nani?

Wako wasemao kwamba swali hilo halina maana, kwa kuwa watu wa mahali fulani ni wa chama fulani tangu zamani, na watoto wao watakuwa wa chama hicho hicho. Wengine husema kwamba kura hufuata kabila kama kivuli kimfuatavyo mtu. Lakini habari za miaka zaidi ya 60 zaonyesha kwamba sivyo. Chama kilichotawala Pwani mwaka 1963 sicho kilichoongoza mwaka 1992. Na kile cha 1992 sicho kilichoongoza mwaka 2002, wala mwaka 2022. Yafaa basi kueleza jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea na yalitokana na nini.

KABLA YA KURA YA RAIS

Katika uchaguzi wa Mei 1963 vyama vikubwa vya Kenya vilikuwa viwili. KANU, chama cha Bw. Jomo Kenyatta, kilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU kilichoundwa mwaka 1960, kiongozi wake akiwa Bw. Ronald Ngala wa Pwani na mwenyekiti wake Bw. Daniel arap Moi, kilitaka majimbo, yaani kila sehemu ya nchi iwe na baraza lake na iangalie ardhi yake yenyewe. Makabila madogo yaliogopa kumezwa na makabila makubwa, na kwa sababu hiyo wengi wao waliiona KADU kuwa ngao yao. KANU ilishinda katika nchi, lakini Pwani ilikuwa mikononi mwa KADU, na Bw. Ngala akawa Rais wa Jimbo la Pwani.

Mambo hayo hayakudumu. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe na wabunge wake wakaingia KANU. Tarehe 12 Desemba mwaka huo huo Kenya ikawa Jamhuri, na Bw. Kenyatta akawa Rais wa kwanza. Basi mtu wa Pwani aliyeipigia KADU kura Mei 1963 aliona, kabla ya miaka miwili kwisha, kwamba chama chake hakipo tena na viongozi wake wamo katika chama kile alichokikataa. Yeye hakuhama, chama ndicho kilichohama. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbukwa na kila achunguzaye habari za kura.

Tena katika chaguzi tano zilizofuata, yaani 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988, Rais hakuwa na mpinzani, wala wananchi hawakupewa karatasi ya kura ya Rais. Mwaka 1988 hata uteuzi wa wagombea wa Bunge ulifanywa kwa mlolongo: watu walipanga mstari hadharani nyuma ya wajumbe au picha za wagombea. Kila mtu alionekana na chifu wake, jirani yake na tajiri wake. Katika hali hiyo hapana awezaye kusema kwa hakika mioyo ya watu ilikuwa wapi. Kura isiyo ya siri huonyesha hofu ya watu kuliko mapenzi yao.

KURA YA KWANZA YA RAIS

Mwezi wa Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha Katiba kilichoruhusu chama kimoja tu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Desemba 1992, wananchi wa Kenya walipiga kura ya Rais kwa mara ya kwanza. Bw. Moi wa KANU alishinda kwa kura 36 hivi katika kila 100, kwa kuwa wapinzani wake, Bw. Kenneth Matiba, Bw. Mwai Kibaki na Bw. Jaramogi Oginga Odinga, waligawana zilizobaki. Katika Mkoa wa Pwani, ambao Wilaya ya Tana River ilikuwa sehemu yake, Bw. Moi alipata zaidi ya nusu ya kura. Mwaka 1997 alipata tena zaidi ya nusu ya kura za Pwani.

Kwa nini Mkoa uliokuwa wa KADU ulimfuata mtu wa KANU? Kwanza, Bw. Moi mwenyewe alitoka KADU, na wazee wengi walimjua tangu siku za Bw. Ngala. Pili, upinzani ulikuwa umegawanyika. Tatu, katika wilaya ya mbali, yenye ukame mwaka huu na mafuriko mwaka ujao, serikali ndiyo iletayo chakula cha msaada, na chifu ndiye aandikaye majina ya wenye haja. Yamkini watu wengi waliona kwamba kuachana na serikali ni kujitia katika hatari. Kura ya namna hiyo si ya mapenzi tu, bali pia ni ya tahadhari.

MIAKA YA 2002 NA 2007

Tarehe 27 Desemba 2002 mambo yaligeuka. Bw. Moi alikuwa amemaliza muda wake, na wapinzani waliokuwa wakigombana waliungana katika muungano ulioitwa NARC, wakamsimamisha Bw. Kibaki. Mgombea wa KANU alikuwa Bw. Uhuru Kenyatta. Bw. Kibaki alishinda, na katika Pwani pia alipata zaidi ya nusu ya kura. Mkoa ule ule uliompa Bw. Moi ushindi mara mbili ulikiacha chama chake mara tu jina lake lilipoondoka katika karatasi ya kura. Yaani wengi walikuwa wakimfuata mtu, si bendera.

Hata hivyo NARC haikudumu. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, mawaziri wenyewe waligawanyika juu ya Katiba mpya: waliokubali walitumia alama ya ndizi, na waliokataa walitumia alama ya chungwa. Chungwa lilishinda, na likawa jina la chama cha ODM. Mwaka 2007 Bw. Raila Odinga wa ODM aliahidi kuyagawa madaraka ya serikali hadi mikoani, na watu wa Pwani wakakumbuka maneno ya majimbo ya mwaka 1963. Bw. Odinga alipata zaidi ya nusu ya kura za Mkoa huo. Matokeo ya nchi nzima yalitangazwa kuwa ushindi wa Bw. Kibaki, yakapingwa, na machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 1,000 katika Kenya.

Yafaa kutoa onyo moja hapa. Hesabu ya mkoa mzima haionyeshi hali ya kila kijiji. Mombasa, Kwale na Kilifi zina watu wengi, na kura zao huweza kuzifunika kura za Tana River. Mwaka 2002, na tena mwaka 2007 Pwani ilipoifuata ODM, Garsen ilimchagua Bw. Danson Mungatana kuwa mbunge wake, naye alikuwa mfuasi wa Bw. Kibaki. Basi mtu asemaye kwamba "Pwani ilipiga kura hivi" asidhani kwamba amekwisha sema habari za Garsen, Galole na Bura.

KAUNTI NDOGO NA ROBO YA KURA

Katiba iliyokubaliwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 iliondoa mikoa, ikaweka kaunti 47. Kaunti ya Tana River ni moja ya hizo, nayo ina majimbo matatu ya uchaguzi: Garsen, Galole na Bura. Minjila imo katika jimbo la Garsen.

Katiba hiyo yataka mambo mawili kwa mtu atakaye kuwa Rais. La kwanza, apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. La pili, apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu hurudi kwa wananchi kwa duru ya pili.

Sharti la pili ndilo lililoipa Tana River uzito mpya. Mwaka 2022 waliojiandikisha katika Kenya walikuwa zaidi ya milioni 22, na wa Tana River walikuwa kama 141,000 tu, yaani mtu mmoja hivi katika kila watu 157. Kwa hesabu ya vichwa, Tana River ni ndogo sana. Lakini kwa hesabu ya kaunti, robo ya kura za Tana River ni sawa na robo ya kura za Nairobi. Ndiyo sababu mgombea ajuaye kwamba hataongoza hapa huja vile vile kuomba kura. Haji kutafuta ushindi. Aja kutafuta robo. Na robo ya leo huweza kuwa nusu ya kesho.

Tena mara mbili matokeo ya nchi yamekuwa ya karibu sana. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, Bw. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, yaani asilimia 50.07. Kwa hesabu iliyotangazwa siku ile, aliipita nusu kwa kura zipatazo 8,400 tu. Ingawa Mahakama ya Juu ilisema baadaye kwamba kura zilizoharibika hazipaswi kuingizwa katika hesabu hiyo. Mwaka 2022 Bw. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, na Bw. Odinga alipata 6,942,930. Tofauti yao ilikuwa kura 233,211, nayo haifiki hata mara mbili ya hesabu ya waliojiandikisha katika Tana River peke yake. Asemaye kwamba kura ya mtu wa Minjila haina maana hajafanya hesabu.

MAMBO YALIYOONEKANA TANGU 2013

Mwaka 2013 na mwaka 2022 Bw. Odinga ndiye aliyeongoza katika Tana River. Lakini kura za viti vingine zaonyesha kwamba watu hawakufuata chama kimoja kwa upofu. Mwaka 2013 Bw. Hussein Dado alichaguliwa kuwa Gavana wa kwanza kwa tikiti ya chama cha Wiper. Kabla ya uchaguzi wa 2017 alihamia Jubilee, chama cha Rais, akagombea tena, na akashindwa na Bw. Dhadho Godhana wa ODM. Kiongozi alihama, lakini wafuasi wa kutosha hawakuhama naye. Mwaka 2022 Bw. Godhana alichaguliwa tena kwa ODM, na siku hiyo hiyo wananchi wa kaunti hiyo hiyo wakamchagua Bw. Mungatana wa UDA, chama cha Bw. Ruto, kuwa Seneta.

Habari za mwaka 2017 nazo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Uchaguzi wa Rais wa tarehe 8 Agosti ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Bw. Odinga alijitoa, akawataka wafuasi wake wasiende. Katika nchi nzima waliopiga kura safari ya pili hawakufika hata watu 40 katika kila 100 waliojiandikisha. Mtu akilinganisha kura za Agosti na za Oktoba atadhani kwamba watu wengi walibadili nia kwa wiki chache. Kumbe wengi walikaa nyumbani tu. Kukaa nyumbani si kuhama.

SABABU ZA MABADILIKO

Ukiyakusanya mambo hayo yote, sababu kubwa ni nne.

Ya kwanza ni vyama vyenyewe. KADU ilikufa, KANU ikapungua, NARC ikavunjika, na miungano mingine ikazaliwa na kufa. Mpiga kura huweza kusimama pale pale alipokuwa, na bado akaonekana amehama.

Ya pili ni daftari la wapiga kura. Mwaka 2013 waliojiandikisha katika Tana River walikuwa kama 79,000. Mwaka 2017 walikuwa kama 118,000, na mwaka 2022 kama 141,000. Maana yake ni kwamba katika miaka tisa wameongezeka watu wapatao 62,000, wengi wao vijana wasiomjua Bw. Ngala wala mlolongo wa 1988. Kura ya kaunti hubadilika hata kama hapana mzee hata mmoja aliyebadili nia yake.

Ya tatu ni mahitaji ya watu. Wakulima wa kando ya mto wataka hati za mashamba na kinga ya mafuriko. Wafugaji wataka malisho na njia za kupeleka ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Mradi wa mpunga wa TARDA katika delta uliharibiwa na mafuriko makubwa ya 1997 na 1998, na habari ya nani atumie ardhi ile imeendelea kuzungumzwa miaka mingi. Mgombea ajibuye maswali hayo husikilizwa, awe wa chama chochote. Na neno lililoitwa majimbo mwaka 1963 ndilo lililorudi kwa jina la ugatuzi mwaka 2010. Majina ya vyama yamebadilika mara nyingi, lakini maswali ya ardhi, maji na serikali iliyo karibu hayajabadilika.

Ya nne ni hofu na usalama. Mtu huchagua kwa uhuru akiwa na hakika kwamba atalala salama baada ya kura. Akikosa hakika hiyo hujificha nyuma ya jamii yake, na kura yake huwa ngao badala ya kuwa shauri.

DAMU YA MWAKA 2012

Jambo hili la mwisho si la kubahatisha. Tangu Agosti 2012 mpaka Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya Tana, wake kwa waume na watoto wao, na maelfu wakakimbia makwao. Riketa ilishambuliwa tarehe 22 Agosti na Kipao tarehe 21 Desemba. Palikuwa na maiti wa Kiorma na maiti wa Kipokomo, na nyumba za pande zote mbili zilichomwa moto. Ugomvi wa malisho, maji na mashamba ni wa zamani, lakini wengi waliochunguza mambo hayo walitaja pia ushindani wa viti vipya vya kaunti, uchaguzi ukiwa karibu.

Hapo ndipo ionekanapo hatari ya kuamini kwamba kura ni urithi wa kabila. Mtu aaminiye hivyo humwona jirani yake kuwa kura iliyokwisha hesabiwa. Hamshawishi tena, bali atamani asiwepo siku ya uchaguzi. Lakini mtu ajuaye kwamba kura hubadilika, na kwamba imebadilika mara nyingi mbele ya macho ya wazee walio hai, hana sababu ya kumchukia jirani yake. Aliyemkataa mgombea wake mwaka huu huweza kumkubali miaka mitano ijayo, akionyeshwa sababu.

Wenyeji wa delta wanaijua vema tabia ya mto wao. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuunganisha Mto Tana na mto wa Ozi, na baadaye maji ya Tana yakaifuata njia hiyo mpya mpaka bahari ya Kipini. Vijiji vilivyoachwa na maji vilihama, na mashamba mapya yakalimwa. Mto ulibadili njia yake, lakini ulibaki kuwa Tana.

UCHAGUZI UJAO

Katiba imeweka uchaguzi mkuu kuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, na baada ya ule wa 2022 zamu ni Agosti 2027. Bw. Odinga, ambaye jina lake lilikuwa katika kura ya Rais mwaka 2007, 2013, 2017 na 2022, alifariki dunia Oktoba 2025. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wafuasi wake wa Tana River hawana jina hilo la kulitafuta katika karatasi, kama vile wafuasi wa Bw. Moi walivyolikosa jina lake mwaka 2002. Kila chama kitakuja Minjila kuwatafuta.

Mpiga kura mwenye busara atawasikiliza wote. Kwanza atahakikisha kwamba jina lake limo katika daftari, na jina la mwanawe aliyetimiza miaka 18 vile vile. Ataikunja karatasi yake vizuri wala hataiharibu, maana kura iliyoharibika haimhesabii mtu yeyote. Atakumbuka kwamba kura yake ni siri, na kwamba chifu, mzee, tajiri wala mume hana haki ya kuiona. Kisha atarudi kwake kwa njia ile ile aliyojia, pamoja na jirani yake aliyechagua kinyume chake. Kwa maana kesho yake wote wawili watateka maji katika mto mmoja.